Vibandiko

Walinipa kazi ya vibandiko.
Picha mia na saba, kila moja na jina lake,
mwaka wake, na maneno yasiyozidi arubaini
ya kumweleza mtu wa Makadara au wa Likoni
ni ndege gani huyu, na ua gani lile.

Mchoraji ni Okabayashi Setsu. Miaka sitini
alichora ndege na maua, hakuchora kingine,
hata vita vilipopita juu ya paa lake.
Mwaka ule mji wake ulipoungua
alichora shomoro mmoja juu ya bua la mtama.
Nikaandika: Shomoro na mtama. Wino na rangi juu ya hariri.
Maneno thelathini na moja yakabaki bila kazi.

Kuna maua ambayo Kiswahili hakijayaona.
Nilimtumia picha Bi Batuli wa Kibokoni,
mshona vikuba, ajuaye gizani, kwa pua tu,
asumini ya jana na asumini ya leo.
Akaikuza kwenye simu, akaipunguza, akanipigia.
"Lanukia?"
Sijui, Bi.
"Basi waliandikiani?"
Akakata.

Murase, kijana aliyekuja na masanduku,
alizunguka Ngomeni na kipima unyevu
kama muuguzi katika wodi ya watoto.
Kwa Kiingereza chake na changu akanieleza
kwamba weupe ule wa korongo si rangi ya kopo:
ni kombe za chaza, huachwa uani
zinyeshewe, ziwambwe na jua, miaka na miaka,
kisha zisagwe, zikandwe kwa gundi ya ngozi.
Nikamshika mkono, nikauweka ukutani,
kwenye tumbawe lililopakwa chokaa.
Hii nayo, nikamwambia, ilikuwa bahari.
Akapapasa. Akatazama vidole vyake vyeupe.
Hatukuwa na lugha ya kutosha kuendelea.

Siku ya kufungua, watu walipita mbele ya korongo
kwa adabu, kama wapitao mbele ya mkwe.
Theluji waliiita pamba. Waliiita povu.
Mtoto mmoja akasema: friza.
Kelele zilitoka chumba cha tatu.
"Kunguru! Kunguru wetu!"

Na kweli, ni yeye, kwenye tawi lisilo jani,
bega moja juu, jicho la mwizi wa Marikiti.
Kitsao mlinzi, ambaye kila asubuhi
huwafukuza wenziwe kwa fagio na matusi,
alisimama pale hata saa ya chai ikapita.
"Ila shingo," akasema. "Wetu ana shingo ya jivu."
Baada ya muda:
"Huyu mama aliwahi kuibiwa mkate.
La sivyo asingemjua hivi."

Chumba cha mwisho hakina watu wengi.
Hapo Setsu ana miaka tisini na moja.
Manyoya aliyokuwa akiyahesabu moja moja
sasa ni pigo moja la brashi, na nusu yake maji.
Picha ya mia na saba: tawi, maua matatu,
na upande wa kulia, karatasi tupu.
Katika kibandiko nilikuwa nimeandika: Haikukamilika.

Bi Batuli alikuja Alhamisi, buibui limepigwa pasi,
kikuba kifuani, miguu ikimuuma kwa ngazi.
Hakusoma neno langu hata moja.
Akaitazama ile karatasi tupu, kisha tawi,
kisha karatasi tena.
"Ameruka sasa hivi," akasema. "Bado latikisika."

Jioni nilirudi na wembe.
Nikakwangua neno moja, taratibu,
nisiumize ubao.

Kumbe naye alikuwa ameacha kitu:
kile kikuba, sakafuni, chini ya tawi.
Kanuni zakataza maua chumbani, huleta wadudu.
Kitsao akakiokota, akatafuta pipa, hakuliona,
akakitia mfukoni mwa shati la sare
na kuzunguka nacho kufunga madirisha,
kutoka chumba cha mwisho hadi cha kwanza.